Josepha wa Rusenga, Aliyewafundisha Watoto Kukimbilia Kanisani

Alizaliwa mwaka 1969 upande wa Burundi, mkoani Ruyigi, kwenye vilima vinavyotazama bonde la mto Malagarasi, akiwa kitinda mimba wa mkulima Niyibizi na mkewe Akimana. Nyumbani aliitwa Niyomwungere. Jina la Josepha alilipata ubatizoni, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa bado mtoto wa kubebwa pale mauaji ya mwaka 1972 yalipoifikia tarafa yao. Niyibizi alichukuliwa akiwa shambani, na Akimana hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimfunga binti mgongoni, akawashika mkono wakubwa wawili, akaingia porini. Alipofika Tanzania alikuwa na yule wa mgongoni tu. Wale wawili walizikwa njiani, na hadi anakufa Akimana hakutaja ni wapi, wala Josepha hakuthubutu kumuuliza.

Walipokelewa na Waha wa vijiji vya kuelekea Kakonko, wakati huo Kakonko ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Kibondo. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, kwa hiyo mama na mwana hawakuhitaji mkalimani kuomba chumvi wala kuomba kazi ya kulima. Akimana alikuwa mwanamke wa maneno machache na sala nyingi. Jioni alipochambua maharage alimkalisha binti mbele ya ungo, akamtajia swali la katekisimu, na mtoto hakuruhusiwa kunyanyua mkono kwenye maharage mpaka ajibu. Hivyo ndivyo Josepha alivyojifunza imani, vidole vikiwa kazini, na hivyo ndivyo alivyoifundisha baadaye maisha yake yote. Waliomfahamu shuleni wanasema alikuwa na ulimi mwepesi na kichwa kigumu, mtu wa kujibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Tunalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaopenda watakatifu waliozaliwa wapole. Huyu hakuzaliwa mpole.

Alimaliza darasa la saba, akaolewa mwaka 1988 na Gasper, kijana Mha mwenye bidii, na Mungu akawajalia mabinti wawili. Mwaka 1991, katika masika yale yale, malaria iliwachukua wote wawili, mkubwa akitangulia na mdogo akimfuata kabla matanga hayajaanuliwa. Gasper hakuyaweza. Alikwenda Urambo kulima tumbaku, akasema atarudi baada ya mavuno, na tangu siku hiyo hakuna aliyepata habari zake. Ni kwenye maziko ya yule mdogo ndipo Josepha alipoitwa. Padri hakufika, barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Watoto wa jirani walisimama kuzunguka kaburi wakiwa hawajui hata kufanya ishara ya msalaba, na mmoja wao, kitoto cha kike, akamvuta kitenge akamuuliza, "Amekwenda wapi?" Josepha, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Alisimulia baadaye kwamba aibu ya dakika ile ilimuuma karibu sawa na msiba wenyewe. Mwaka uliofuata aliomba kwenda mafunzo ya ukatekista, na alipoulizwa anataka kufundisha kina nani, akasema watoto, watu wazima wafundishwe na wengine.

Vita vya mwaka 1993 vilipowaleta tena Warundi kwa maelfu, Josepha aliacha shamba lake Kibondo akaenda kambi ya Mtabila, karibu na Kasulu. Lugha ilikuwa ya mama yake na huzuni ilikuwa ya nyumbani kwao. Kwa karibu miaka ishirini alifundisha chini ya turubai, watoto wakikaa chini wakibangua karanga au kuchambua maharage ya mgao, na masomo yakienda kwa kupokezana: anayejua anamfundisha asiyejua, na asiyejua anapewa haki ya kuuliza lolote. Kanuni yake ilikuwa moja, kwamba hakuna mtoto atakayerudi nyumbani na swali ambalo halikujibiwa. Alijivunia kanuni hiyo. Watoto wa Mtabila walikuwa na maswali ambayo yangemnyamazisha askofu, na yeye aliyajibu yote, papo hapo, kwa sauti ya hakika, kwa kuwa aliona mtoto akijibiwa anaacha kulia. Sisi tulioandika maisha haya tunaamini ni huko alikojifunza tabia iliyokuja kumgharimu. Mwaka 2012 kambi ilifungwa. Watoto aliokuwa akiwaandaa kwa komunyo ya kwanza walipakiwa kwenye malori na wazazi wao, na kila aliyemuuliza alijibiwa, "Mtafika salama." Wengine walifika salama. Habari za wengine zilimfikia baadaye, na hakuzisimulia kwa mtu.

Hakurudi Kibondo. Alihamia Rusenga, kitongoji cha wakulima juu ya mgongo wa kilima, safari ya asubuhi nzima kwa miguu kutoka Rungwe Mpya, ambako familia nyingi zilikuwa za asili ya Burundi zilizokwisha kupata uraia, kama yeye mwenyewe alivyoupata. Kigango kilikuwa na waamini lakini hakikuwa na kanisa. Mwenyekiti wake, Cleophas Ndayikunda, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa mtu wa vitendo, na yeye na Josepha walipatana tangu siku ya kwanza. Kwa miaka miwili watu walifyatua tofali, wakachoma, wakajenga, na mwaka 2014 bati likapanda. Cleophas alichomelea msalaba wa nondo, mrefu kuliko mtu, akaupandisha mwenyewe juu ya paa, ukawa unaonekana kutoka mabonde ya pande zote mbili. Kila Jumamosi watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu walijaa humo, nao waliimba kwa sauti iliyofika hadi shuleni. Mwalimu Mwanaamina, mwenyeji wa Pangani aliyepangiwa kazi shule ya msingi ya hapo, Mwislamu na jirani mwema, alipita siku moja akautazama ule msalaba, akamwambia Josepha kwamba kilele kile ni cha radi, na jengo linahitaji waya wa kuishusha ardhini. Josepha alicheka. "Mwalimu, nyumba ya Mungu inataka waya wa nini?"

Asiyezijua nyanda za juu za Kigoma aelewe kwamba huko radi si habari ya kusimulia. Kuanzia Oktoba hadi Mei inapiga ng'ombe, inapiga migomba, inapiga watu, na kila ikipiga watu huuliza imetumwa na nani. Inkuba, kama wanavyoiita, inahesabiwa kuwa na mwenyewe. Katika Rusenga wengi walimtaja Mzee Kipriani, asiyebatizwa ingawa alikuwa na jina la Kikristo, mgane aliyeishi peke yake kando ya njia ya kanisani, ambaye aliuza dawa ya kuzuia radi, na kwa sababu hiyo hiyo alishukiwa kuwa anaweza kuituma. Watoto walikuja mafundisho wakiwa wamefungwa hirizi zake viunoni, na mawingu yakijikusanya walitetemeka hata kabla ya ngurumo. Josepha aliona hofu hiyo kuwa adui wa imani yao, akaamua kuing'oa. Aliwakataza wasichukue chochote mkononi mwa Kipriani na wasiingie kwake. Na mtoto mmoja alipomuuliza, basi sisi radi ikija twende wapi, alimjibu kwa hakika yake ya siku zote: "Radi haipigi nyumba ya Mungu. Ikinguruma, kimbilieni kanisani." Akawafundisha kwa wimbo, ili wasisahau. Hawakusahau.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Novemba mwaka 2017. Walikuwa wamefanya mazoezi ya sikukuu ya Watoto Mashahidi, na Josepha, alipoona wingu jeusi upande wa Burundi, aliwaruhusu mapema waende kwao. Yeye alishuka bondeni kumwona mgonjwa. Mvua iliwakuta watoto njiani, karibu na kwa Mzee Kipriani. Mzee alitoka mlangoni akawaita, "Njoni ndani, wajukuu, njoni mjisitiri." Wachache walisita. Ndipo Yusta, binti wa Cleophas, mwenye miaka tisa na sauti nzuri kuliko wote, aliposema kwamba katekista amewaambia wakimbilie kanisani, akaanza ule wimbo, nao wakageuka wakapanda kilima wakimfuata. Radi ilipiga msalaba. Ikashuka na paa na ukuta, ikawaua Yusta na wenzake wawili waliokuwa wameegemea mlango wa chuma, na wengine ikawaangusha chini kama nguo zilizoanuliwa. Josepha aliuona mwanga ule akiwa bondeni. Alipanda mbio, na alipofika mlangoni akakuta baadhi ya walio hai bado wanaimba, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

Kwa desturi ya wazee, aliyepigwa na radi haguswi wala haliliwi mpaka mtaalamu aje kutoa dawa, na hofu hiyo iliwashika hata Wakristo wazuri siku ile. Walisimama mbali kwenye mvua. Josepha aliwabeba wale watatu mmoja mmoja, akawalaza kwenye mikeka, akawaosha kwa mikono yake. Alipokuwa akifanya hivyo mtoto mmoja aliyenusurika, Ininahazwe, binti wa miaka kumi na mmoja ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa linatoka damu, alimsogelea akamweleza yote: mzee alivyowaita, na Yusta alivyojibu. Kisha akauliza, "Katekista, tulifanya vizuri?" Maisha yake yote Josepha alikuwa anajibu. Safari hii alimfunika mtoto kitenge, akarudi kwenye mikeka.

Watoto walizikwa Jumatatu. Kesho yake Mwalimu Mwanaamina alikuja kutoa pole, akakaa naye chini, na Josepha alipomuuliza kinagaubaga kama ni ule msalaba, mwalimu hakumficha. Alisema chuma kirefu kwenye kilele huita radi, na kuta hazikuwa na pa kuipeleka. Hakumkumbusha mazungumzo yao ya zamani, na Josepha alimshukuru kwa hilo hadi mwisho wa maisha yake. Lakini kitongojini watu walikuwa na maelezo mengine. Kwa nini Kipriani alikuwa mlangoni saa ile ile? Kwa nini aliwaita watoto? Alijua. Alitaka kuwachagua. Wa kwanza kusema hivyo walikuwa ndugu wa Cleophas, na Cleophas mwenyewe, ambaye tangu Jumamosi hakuwa amekula wala kulala, aliyashika maneno hayo kwa mikono yote miwili. Jumatano baada ya chakula cha mchana kundi la watu, wengi wao waamini wa kigango, walikwenda kwa mzee wakiwa na mapanga na dumu la petroli.

Josepha alipata habari akiwa kwake. Ni muhimu msomaji aelewe alichokuwa nacho mkononi. Hakuna mtu mzima mwingine aliyejua kwa nini watoto waliupita mlango ulio wazi wakakimbilia mahali pa kifo. Ininahazwe na wenzake wangenyamaza wakiambiwa wanyamaze. Kwa siku nne watu wote walimwonea Josepha huruma, mwanamke aliyewaosha watoto wao. Kama angebaki ndani, Kipriani angekufa, na kazi yake ya robo karne ingebaki safi. Alimwambia Mwanaamina apige simu polisi, kisha akatoka. Alikiri baadaye kwa padri wake, na kwa ruhusa aliyoitoa mwenyewe tunaandika, kwamba katikati ya njia alisimama, akageuka kurudi nyumbani, akatembea hatua kadhaa. Hakukumbuka kilichomgeuza tena. Alisema tu kwamba hakuona nuru yoyote.

Alimkuta mzee amepigishwa magoti uani, amelowa petroli, na Cleophas mbele yake ana kiberiti. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti kando ya mzee, kwenye tope lile lile.

"Baba Yusta," akasema, "mwache huyu. Yeye aliwaita wajisitiri. Mimi ndiye niliyewafundisha wampite. Niliwaambia radi haipigi kanisa, nikawatungia na wimbo. Mwanao ameuawa na neno langu."

Cleophas hakukishusha kiberiti. "Unamtetea mchawi," akasema.

"Muulize Ininahazwe. Muulize mtoto yeyote aliyekuwepo. Wote wanaujua ule wimbo, na wewe umewasikia wakiimba."

"Msalaba niliuchomelea mimi," akasema Cleophas. "Unajua unachoniambia, katekista? Unaniambia msalaba niliuchomelea mimi."

"Najua," akasema Josepha. "Ni wako na wangu. Si wa huyu mzee."

Cleophas alikiachia kiberiti kikaanguka topeni. Hakufanya zaidi ya hapo. Ni mdogo wake aliyenyanyua fimbo akampiga Josepha usoni, na wengine wakafuata kwa mateke na mawe, wanawake pia, mama wa watoto aliowabatizisha. Polisi walipofika walimkuta amemlalia Kipriani. Jicho la kulia la Josepha halikuona tena. Leo ukienda Rusenga utaambiwa kwamba karibu kila mtu siku ile alikuwa upande wake, na ua wa Kipriani, kwa hesabu hiyo, lazima ulikuwa hauna watu. Tunawaachia dhamiri zao.

Mzee Kipriani alichukuliwa na bintiye kwenda Kakonko, akaishi. Josepha alirudi Rusenga baada ya wiki kadhaa za hospitali, ingawa Mwanaamina alimsihi ahamie mjini Kasulu. Mafundisho ya watoto yalikuwa yamesimamishwa, na paroko alimwambia kwa upole kwamba itachukua muda mrefu wazazi kumwamini, pengine isitokee. Hakubisha. Kanisa, lililopata ufa kwa radi ile, lilibomolewa, ibada zikahamia kibandani, naye alikaa benchi la nyuma, na wakati wa kupeana amani hapakuwa na mkono ulionyooshwa kwake. Aliosha shuka za altare. Alilima. Jumamosi saa ya mafundisho alikwenda kwenye kile kibanda na ungo wa maharage akakaa peke yake mpaka saa ilipokwisha, kisha akafunga mlango. Miaka hiyo ndiyo tunayoishangaa kuliko yote, na ndiyo inayotuumiza kuiandika, kwa sababu hatuwezi kusema alifarijiwa. Alimwandikia padri wake kwamba anasali kwa sababu ameahidi kusali, na kwamba upande wa pili haumjibu. Akaongeza kuwa pengine ni haki, yeye alikuwa amejibu sana.

Jumamosi moja ya mwaka 2020 mlango ulifunguliwa, akaingia Ininahazwe. Alikuwa msichana mkubwa sasa, anayegeuza kichwa ili asikie kwa sikio zima. Nyumbani walimkataza, alikuwa amewaambia anakwenda kisimani. Alikaa mbele ya ungo, akaanza kuchambua maharage, na baada ya muda akauliza alichokuja kuuliza.

"Siku ile Mungu alikuwa wapi?"

"Sindabizi," akajibu Josepha kwa lugha ya mama yake. Sijui.

Msichana akangoja. Alizoea kwamba katekista huyu ana jibu.

"Sijui, mwanangu. Ningekuambia kitu ungeondoka hapa na moyo mwepesi, na ungekuwa uongo. Ninalojua ni kwamba Yesu naye aliuliza hivyo msalabani, na hapo hapo hakujibiwa. Kaa, tuulize sote."

Wakasali zaburi ya mtu anayelia shimoni, wakamaliza maharage. Jumamosi iliyofuata Ininahazwe alikuja na mdogo wake, kisha na wengine, wengi wao wale wale walionusurika, ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwaruhusu kuzungumzia siku ile. Josepha hakuita hata mmoja. Aliwataka waliokuja kwa siri warudi wakaombe ruhusa kwanza, na wengine walipigwa kwa kuomba. Mafundisho yake yalikuwa yamebadilika. Yale aliyoyapokea kwa Kanisa aliyasema waziwazi; mengine yote aliyasema kuwa hayajui, na watoto, tofauti na alivyoogopa tangu kaburini kwa binti yake, hawakukimbia. Paroko alikuja kusikiliza mara mbili bila kutangaza, kisha akafungua tena mafundisho rasmi. Mwaka 2021 Cleophas alimleta mtoto wake wa mwisho, mvulana aliyezaliwa baada ya Yusta kufa. Hakumsalimu Josepha. Alimwachia mtoto mlangoni, akasimama nje mpaka mwisho wa somo, akamchukua. Alifanya hivyo kila Jumamosi, na mvua ikinyesha alisimama kwenye mvua, kwa kuwa hakutaka kuingia.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Josepha alianza kutokwa damu, na hospitali ikaona kansa iliyokwisha kuenea. Alikataa kukaa mjini. Alilazwa nyumbani kwake Rusenga, akihudumiwa na Mwanaamina na Ininahazwe kwa zamu. Maumivu yalikuwa makali na dawa ilikuwa ya kubahatisha, na hatutaficha kwamba siku nyingine alilia kwa sauti. Padri aliyemletea mafuta matakatifu alimwambia kwamba muda si mrefu atawaona mabinti zake na wale watatu. Josepha alimshika mkono. "Padri, usinijibu haraka hivyo," akasema. "Niombee tu." Alifariki tarehe 9 Machi, mchana, watoto wakiwa shuleni.

Kanisa halijatamka neno juu yake, na sisi tukimwita mtakatifu tunasema kama majirani wanavyosema, bila kuitangulia hukumu ya wenye mamlaka. Yapo yanayokumbukwa. Kipriani, kabla ya kufa kwake Kakonko, aliomba ubatizo, na alipoulizwa nani amemfundisha alisema ni mwanamke aliyemlalia. Ininahazwe anashuhudia kwamba siku ya tisa baada ya maziko alisikia mvua ikipiga bati kwa sikio lililokufa, na linasikia hadi leo. Daktari alimwambia masikio mengine hupona yenyewe, naye akamjibu kwamba anamshukuru Josepha hata hivyo. Wengine wanaeneza kwamba radi haithubutu kupiga kaburi lake. Hilo tunalikanusha. Msimu uliopita ilipasua mparachichi ulio hatua chache kutoka hapo, na tunawasihi waamini, kwa heshima ya marehemu, wasianze tena. Kanisa jipya limejengwa chini ya kilele, na Cleophas ameliwekea waya wa kushusha radi ardhini. Watoto hufundishwa kwamba wingu likifunga waingie nyumba ya kwanza iliyo wazi, iwe ya nani, na wakishakuwa ndani ndipo wasali.

Wewe unayefundisha watoto wa Mungu, iwe kwenye kanisa la mawe au chini ya turubai, ukitaka kumwiga usianzie kwenye ushujaa wa uani kwa Kipriani, maana siku kama ile huenda isikujie kamwe. Anzia Jumamosi hii. Mtoto atakuuliza kitu kizito, macho yake yakiwa kwako, na jibu tamu litakuwa ulimini. Libakize hapo. Mwambie unalolijua, mwambie usilolijua, na usiondoke upande wake.

Tulipokusanya habari hizi tulimwendea Cleophas, tukamwomba atoe ushuhuda wake kwa ajili ya parokia. Alikuwa anachomelea dirisha. Alizima mashine, akavua miwani.

"Andikeni hivi," akasema. "Sijaweza kumsamehe. Na mtoto niliyebaki naye nilimkabidhi yeye, wala singemkabidhi mwingine."

Tukamuuliza kama tubadilishe hata neno moja, kwa kuwa ushuhuda wake utasomwa kanisani. Akasema hapana, akawasha tena mashine.